Kipande Alichokiruka Waitara

Kuku ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba lile litungu lina faida. Waitara alipohama Itiryo kwenda Sirari kuishi na mke mpya aitwaye Happy, aliswaga ng'ombe wote saba, akabeba redio, akang'oa hata bati la choo. Litungu la zamani, kinubi cha nyuzi nane, aliliacha ghalani, kwa sababu alikuwa amepata jingine jipya, la kuchomekwa kwenye spika. Miaka minne ikapita, panya wakatafuna nyuzi zote. Ngozi ya kifuani ikapasuka upande mmoja. Kuku akachungulia, akapapenda, akataga humo mayai kumi na moja na kuyaatamia. Bhoke, mke aliyeachwa, alimpelekea mtama na maji humo humo ndani ya chombo cha mumewe, na kwa mwezi mzima hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake pekee.

Vifaranga walipotoka, alilitoa uani, akalisugua kinyesi kwa majani makavu, kisha akakaa akilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hajasema amefuata nini.

Ukisimama mpakani Sirari leo, kuna wimbo mmoja utausikia kabla hujamaliza kununua vocha. Wenye bodaboda wanao, wapakiaji wa malori wanao, na ng'ambo Isebania wanao pia. Watu wanauita wimbo wa Waitara. Waitara anaupiga harusini na watu wanamtunza noti mpaka kwenye kofia. Lakini Waitara hakuutunga. Aliyeutunga ni Bhoke, miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwa na mtoto wake Mokami mgongoni, akipalilia mihogo ya mama mkwe. Aliutunga kwa mdomo tu, kama wanawake wanavyotunga, akiimba na kuacha, akiimba na kuacha, mpaka mtoto akalala. Jioni aliendelea kuuimba akisonga ugali. Waitara, aliyekuwa amejinyoosha kwenye ngozi, akainua kichwa.

"Hebu rudia hapo," alisema.

Bhoke akarudia. Mwanamke akiombwa na mumewe arudie wimbo, hudhani anapendwa. Kumbe alikuwa anaibiwa.

Katikati ya wimbo ule kulikuwa na kipande ambacho jina la mtoto linaitwa mara tatu, na sauti inateremka polepole kama mtu anayeshuka mlima na mzigo kichwani, halafu inapanda tena mbiombio kabla mtoto hajafumbua macho. Kipande hicho Waitara hakukipiga hata siku moja. "Hapo panawachelewesha watu kucheza," alisema. Ukweli ni kwamba vidole vyake vilishindwa, na yeye hakuwa mtu wa kukaa na jambo lisilomtii. Alikiruka. Akaunganisha mwanzo na mwisho kama mtu anayefunga fundo kwenye kamba iliyokatika, na hivyo ndivyo wimbo ulivyozunguka: una kichwa na miguu, hauna tumbo.

Bhoke hakuingia darasani hata siku moja. Shule aliijua kwa kupita nje ya uzio wake akipeleka ndama malishoni. Hakuweza kuandika popote kwamba wimbo ni wake. Kusema angeweza, lakini alishasema, akachekwa. Basi siku ile, litungu likiwa limelala juani, aliona njia moja tu iliyobaki: aupige yeye, wote, pamoja na lile tumbo.

Alimchinja beberu mmoja, akawamba ngozi mpya. Nyuzi alizifuata Tarime mjini, kwenye duka la Tamimu, anayeuza misumari, kamba na nyavu.

"Nataka uzi wa kuvulia samaki," alisema. "Mnene na mwembamba."

Tamimu akamtazama kwa juu ya miwani. "Mama, wewe si ndiye unayeletaga karanga kutoka Itiryo? Huko mmepata ziwa lini?"

"Ziwa hakuna. Samaki yupo."

"Wa aina gani?"

"Dume. Ana masharubu."

Tamimu akacheka mpaka akaegemea kaunta. "Huyo nakupa uzi mnene kabisa. Ukimvua usimle, mama, atakukwama kooni."

Alizifunga nyuzi kama macho yake yalivyozijua. Kwa miaka ishirini alikuwa amemwona Waitara akipiga, usiku wa pombe na mchana wa sherehe. Kila uzi aliujua mahali ulipokaa, na kila kidole alikijua kilikokwenda. Kwa hiyo hakutafuta mwalimu. Atafute wa nini? Huku kwetu litungu ni la wanaume. Ukimwendea mzee ukamwambia nifundishe, atakuuliza kwanza kama una ndevu.

Mwanzoni alipiga alipokuwa na uchungu, na uchungu haukuwa na ratiba. Jumapili moja angekaa tangu watu waende kanisani mpaka warudi, vidole vikivimba malengelenge, halafu siku tisa asiliguse. Kila alipoketi alianza mwanzo wa wimbo, kwa mwendo ule ule wa Waitara wa kuchezea watu, na kila alipofika kwenye kipande cha katikati mkono ulijikwaa. Akikosea alirudi mwanzo. Akikosea tena alirudi tena, safari hii kwa hasira. Kwa hiyo mwanzo aliupiga mara mia, akaujua kuliko jina lake, na pale katikati mkono ulijifunza kitu kimoja tu, yaani kujikwaa.

Jirani yake Winfrida hakumwonea huruma. Aliongea kutoka upande wa pili wa uzio wa minyaa, ndoo ikiwa kichwani.

"Mama Mokami, jana ulikuwa unamchinja nani? Nilimsikia akilia."

"Nakutafutia wimbo wa msiba wako."

"Basi ukikamilika utakuta nimeshaoza!"

Walicheka wote wawili. Winfrida akaenda zake kisimani na wenzake, na Bhoke akasikia kicheko kikiendelea njiani, sasa bila yeye.

Sikukuu ya Pasaka Mokami alimwambia kwamba anaolewa. Mokami alikuwa na cherehani pale senta, msichana wa maneno machache, mwenye macho ya baba yake. Mchumba aliitwa Joel, fundi wa pikipiki Mugumu, na kwao ni Manchira, karibu na bwawa. Mahari ilishazungumzwa. Ng'ombe wa mahari, kama desturi inavyodai, walikwenda kwa baba. Walitembezwa kwenye njia inayopita mbele ya mlango wa Bhoke, kumi na wawili, wanono, wakielekea Sirari kwa mtu ambaye hakumnunulia Mokami hata daftari. Bhoke aliwahesabu kwa macho mpaka mkia wa mwisho.

"Harusi ni Desemba," Mokami alisema. "Na siku ya kunitoa nyumbani, baba amesema atanipigia wimbo wangu."

"Wimbo wako ni upi?"

"Si ule anaosema alinitungia mimi? Wimbo wa baba."

Bhoke alikuwa akichambua mchicha. Akaendelea kuchambua. "Wimbo ule ni wangu," alisema. "Nilikuimbia wewe shambani. Baba yako alikuwa hata hajui kama una meno."

Mokami alishamsikia mama akisema hivyo mara nyingi, pamoja na mengine mengi, na mtoto akisikia malalamiko kila siku hujifunza kuyasikia kama mvua juu ya bati.

"Mama," alisema baadaye, kwa upole, "mimi sitaki ugomvi siku hiyo. Tufanye hivi. Kama kufikia Desemba unaweza kuupiga mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, utaupiga wewe, na baba nitamwambia mimi mwenyewe. Kama huwezi, apige yeye. Watu wa Manchira watakuwa wanaangalia."

"Haya," alisema Bhoke.

Hakulala vizuri kuanzia siku hiyo. Aliongeza saa za kupiga, na alivyoongeza ndivyo alivyozidi kuharibu. Aprili ikaisha, Juni ikaisha, mahindi yakavunwa. Mwanzo ulikuwa safi kama maji ya chemchemi. Katikati palikuwa tope.

Mwezi wa tisa alikwenda kwa Mzee Nchagwa. Alikwenda kwa kuzunguka, akipita mtoni ili asionekane, amelifunga litungu kwenye kanga kama mgonjwa. Nchagwa alikuwa mpigaji mkubwa enzi zake. Sasa mikono ilitetemeka hata kikombe kilimshinda, na alikaa mchana kutwa mlangoni pake akiwatazama mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea mtoto?"

"Litungu."

"La nani?"

"Langu."

Mzee akasogeza mguu wake kutoka kwenye kigoda. "Kaa. Piga."

Akapiga. Alipofika katikati akajikwaa, akarudi mwanzo, akajikwaa. Aliinua macho akitarajia dharau. Lakini mzee alikuwa amekunja uso akitazama mikono yake, mmoja kisha mwingine, kama anayetafuta kupe kwenye sikio la ng'ombe.

"Wewe," alisema, "mumeo alipokuwa akipiga, ulikuwa unakaa wapi?"

"Nilikuwa napeleka chakula."

"Nimeuliza, unakaa wapi?"

"Mbele yake. Ningekaa wapi? Mke si anapiga magoti mbele?"

"Eeh." Mzee alitikisa kichwa polepole. "Sisi tulijifunza tumekaa nyuma ya bega la mpigaji. Mtoto wa kiume anakaa pale, anaona mikono kama vile ni yake. Wewe umekaa mbele, umeona kila kitu kimegeuka, kama uso kwenye maji. Nyuzi zako umezifunga kinyume, mama. Nene ziko zinakotakiwa kuwa nyembamba. Mkono wako wa kushoto unafanya kazi ya mkono wa kulia. Mwanzo wa wimbo ni mwepesi, unapita. Pale katikati pana mbio, na mkono wa kushoto hauna mbio."

Bhoke alitazama nyuzi. Miezi tisa. Miaka ishirini ya kupiga magoti na sahani ya ugali mkononi, akidhani anajifunza.

"Nifanyeje?"

"Zifungue zote. Anza upya."

"Zimebaki siku tisini, mzee."

"Mimi sikukupangia siku. Ukitaka endelea hivyo hivyo. Utajikwaa vizuri zaidi."

Alitaka kulia, lakini mbele ya mwanamume hakuwahi kulia tangu Waitara aondoke, na hakutaka kuanza siku ile. Alisema tu, "Niambie."

Mzee Nchagwa hakuwa na mikono ya kumwonyesha, kwa hiyo alimwambia kwa mdomo, na pengine hiyo ilikuwa bora. Alisema: usianze mwanzo, mwanzo unajiweza, anza pale unapopaogopa. Chukua kidogo, milio mitatu au minne tu, kama tonge. Uimbe kwanza, mdomo ukikosea, kidole kitapata wapi? Halafu piga polepole mpaka uone aibu. Ukikosea usikimbie kurudi mwanzo, simama hapo hapo, angalia ni kidole gani kimedanganya. Kila siku, saa ile ile, kidogo. Acha kabla mkono haujachoka, maana mkono uliochoka hujifunza uchovu. Wala usiondoke kwenye kigoda baada ya kukosea. Piga mara moja sawasawa ndipo uinuke, hata kama ni mlio mmoja.

"Na hasira?" aliuliza Bhoke.

"Hasira iache nje na viatu. Haina vidole."

Alirudi kwake kwa njia ile ile ya mtoni. Jioni hiyo alifungua nyuzi zote nane. Alipokuwa akiufungua wa mwisho alihisi kama anamzika mtu ambaye hakuna mwingine aliyejua kwamba alizaliwa.

Kuanzia kesho yake akawa anaamka jogoo wa kwanza anapowika, kabla ya kuwasha moto na kabla ya jembe. Alikaa nje, kando ya ukuta wa chumba anacholala Mokami, kwa sababu pale upepo haukufika. Alichukua punje kumi za mahindi, akaziweka kwenye kopo la kushoto. Akipiga tonge lake sawasawa, punje moja ilihamia kopo la kulia. Akikosea, zote zinarudi. Siku ya kwanza hakuna punje iliyokaa kulia. Siku ya nne zilifika sita, akajisahau kwa furaha, akageuka kukohoa, na kuku akaja akala mazoezi yote. Alimfukuza kwa kandambili uwanja mzima. Hakukuwa na mtu wa kumsimulia. Alirudi kukaa, akacheka peke yake, na kicheko kikamwisha kabla hakijafika popote.

Kulikuwa na asubuhi nyingi za namna hiyo, na hazina hadithi ndani yake. Ukungu unakaa bondeni, mbwa wa Winfrida anajikuna, mwanamke anapiga milio minne. Anapiga tena milio minne. Mikono yake ya zamani ilikuwa hapo bado. Akizubaa tu, kushoto kulijitwalia kazi ya kulia kama mume anayerudi kuulizia chakula. Ilibidi asizubae. Wiki ya tatu aliunga tonge la kwanza na la pili. Wiki ya sita jina la mtoto lilishuka mara ya kwanza na ya pili. Wiki ya kumi na moja, asubuhi moja ya mvua, lilishuka mara tatu na likapanda, polepole lakini bila tundu, na punje kumi zikawa zote upande wa kulia.

Alitaka kumwambia mtu. Mokami alikuwa amelala, au alikuwa kimya tu nyuma ya ukuta. Simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kitochi na majina manne, mojawapo la Waitara. Akainuka akawasha moto.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Alianza kurudisha mwanzo kwa mikono mipya, na mwanzo ulirudi. Lakini mwisho wa wimbo ulikataa. Mwisho aliuzoea sana kwa ule upande wa kinyume, na vidole vilipofika pale vilikimbilia nyumbani kwao kwa zamani. Alifanya kama alivyoambiwa: kidogo, polepole, punje kumi. Kilichokosekana si akili wala bidii. Siku zilikosekana.

Siku mbili kabla ya harusi, ua ukiwa umejaa masufuria ya kuazima, Mokami alikuja akasimama mbele yake.

"Mama, tuone."

Akapiga. Mwanzo ukaenda. Katikati pakaenda, na Mokami akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikia mlango ukifunguliwa chumba cha pili. Mwisho ukaanza, ukaenda, ukajikwaa. Mikono ikasimama.

Wangeweza kudanganyana. Mokami alifungua mdomo kusema neno, na Bhoke akaliona neno hilo kabla halijatoka, neno la huruma, na huruma ndiyo chakula alichokuwa amekula kwa miaka mitano tangu aachwe, kikamchosha.

"Tulikubaliana," alisema. "Mwite baba yako."

Waitara alikuja na gari dogo la kukodi kutoka Sirari, spika mbili zimefungwa juu, shati la maua, viatu vya ncha. Happy hakuja, angalau hilo. Waitara alisalimia watu huku akizungusha mikono kama mgombea.

"Sasa, watu wangu! Mko poa? Leo ni leo!"

"Mzee wa kazi!" walimjibu vijana.

Alipomwona Bhoke jikoni, moshi ukimliza, akatabasamu. "Mama Mokami! Nasikia ati siku hizi unapiga litungu. Wacha mchezo, mama. Utavunja kucha."

"Kucha zangu zilivunjika kwenye shamba lako," alisema Bhoke, akageuza nyama kwenye sufuria. Wanawake wakaguna. Waitara akacheka kwa sauti kubwa, akaenda kuchomeka waya.

Wakati wa kumtoa bibi harusi ulipofika, watu walipanga mistari miwili kutoka mlangoni mpaka kwenye gari la Joel. Desturi ni kwamba msichana atembee na wimbo, hatua kwa hatua, asigeuke nyuma. Waitara akapiga. Spika zilitikisa hata vikombe. Watu walianza kurusha mabega. Mokami alitoka, gauni jeupe, kichwa chini, akitembea na mwanzo wa wimbo. Bhoke alisimama nyuma ya wanawake, mikono imejaa majivu, akausikia mwanzo, na mwili wake wote ukasimama pale ambapo kipande cha katikati kilitakiwa kuanza.

Waitara akakiruka.

Na Mokami akajikwaa. Si kidogo, goti lilikwenda chini kabisa, na kama Winfrida asingemdaka kiwiko angeanguka kwenye vumbi na gauni lake.

"Bibi harusi amelewa soda!" mtu alipiga kelele, watu wakacheka, Waitara akaongeza mwendo, na wimbo ukafika mwisho wake safi, ule mwisho ambao Bhoke hakuuweza. Mokami aliingia kwenye gari. Alipokuwa akiketi alitazama huku na huku juu ya vichwa vya watu, kama aliyesahau kitu ndani. Kisha mlango ukafungwa.

Bhoke hakulia. Aliosha masufuria ya watu, akayarudisha kila moja kwa mwenyewe. Nyumba ikawa kubwa. Alikuwa amezoea kupika ugali wa wawili. Siku ya kwanza alipika wa wawili, na siku ya pili, kwa ukaidi, alipika wa wawili pia, akampa mbwa wa Winfrida. Litungu alilirudisha ghalani. Jogoo alipowika alijifunika shuka mpaka kichwani. Winfrida alimwita kwenye uzio mara moja, akamuuliza mbona haui mtu siku hizi, na Bhoke akamjibu kwamba wote wameshakufa.

Siku ya nane, mchana, simu ikalia. Alikuwa shambani. Akafuta udongo kwenye kidole ili abonyeze.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wamekupa chakula?"

"Wamenipa. Niko bwawani, nafua. Hakuna watu." Upepo ulivuma kwenye simu. "Mama, siku ile nilijikwaa."

"Nilikuona. Viatu virefu."

"Si viatu. Baba alipofika pale, mguu wangu ulikuwa umeshaanza kuteremka. Nilikuwa nangoja ule mteremko. Miezi mitatu nausikia kila asubuhi ukutani, nimelala, nasikia milio minne, minne, nikakasirika, nikaziba masikio, halafu nikawa siwezi kuamka bila huo. Baba hakuupiga. Nilidhani amekosea. Nikamuuliza jana kwa simu. Akaniambia, 'Kipande gani?'"

Bhoke alisimama katikati ya mihogo.

"Hakijui, mama. Mtu anatungaje wimbo asijue tumbo lake?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Ukaniona mwendawazimu."

Lilikuwa kweli, na kutoka Manchira Mokami hakuweza hata kumtazama mama yake usoni. Bhoke akasikia nguo ikikamuliwa, maji yakidondoka.

"Unaweza kukipiga sasa hivi?" Mokami aliuliza. "Hicho tu. Mwisho uache."

Bhoke aliliacha jembe shambani. Alikwenda ghalani karibu kukimbia, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akamfukuza kuku aliyekwisha kuanza kuchungulia ngozi mpya. Akaliegemeza litungu ukutani, akageuza ndoo, akaiweka simu juu yake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Nyuzi mbili zilikuwa zimelegea. Alizikaza, akaimba kwanza kwa mdomo, kwa sauti ndogo, akahakikisha. Vidole vyake vilikuwa na udongo wa mihogo.

Akapiga kipande kile peke yake, bila mwanzo na bila mwisho, polepole mpaka angeona aibu kama kungekuwa na watu. Jina likashuka mara tatu. Likapanda. Hakusimama kuuliza kama amesikika. Alipiga tena, na tena, na ya nne akakosea mlio mmoja, akasimama hapo hapo, akakitazama kidole, akaurekebisha, akaendelea. Kwenye njia ng'ombe wa watu walipita wakirudi kutoka kunyweshwa, kengele zikigongana, na yeye hakuinua macho.

Alipomaliza akainamia ndoo.

"Mokami?"

Kioo cha simu kilikuwa cheusi. Chaji ilikuwa imekwisha. Ilikwisha saa ngapi, kama ni baada ya mara ya kwanza au ya tatu, hakujua. Alikaa kidogo akiwa ameishika simu ile mkononi. Kisha akaitia mfukoni mwa gauni na kwenda kwa Winfrida, mwenye sola, kuomba kuchaji.